Risiko, Neno Ulilosema ni Letu

Baba,

Amani ikufikie hapo ulipolala. Mama anakusalimu. Ndugu yangu Mundhir angekusalimu mwenyewe, lakini yuko nyuma ya milango miwili ya kioo, na mimi nimekaa upande wa huku, barakoa usoni, nangoja daktari atoke na majibu ya damu. Nimeanza kukuandikia kwa sababu siwezi kukaa bure, na mikono ikiwa na kazi hutulia kidogo.

Nina khofu, Baba. Hilo ulijue kwanza. Na nina ombi, nitalifikia. Nipe nafasi nilizungukie, maana nikilisema sasa hivi nitalia mbele za watu.

Nimefanya jambo ulilolikataa ulipokuwa hai.

Utakumbuka siku daktari alipotuita sote kwa ajili ya Mundhir, naye bado yuko skuli. Alituambia kwamba siko seli, ugonjwa wake wa damu, unaweza kutibika. Wanachukua uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, kutoka kwa ndugu yake aliye mzima, wanampa yeye. Na walikuwa wameshanipima, nimelingana naye. Mama alinishika mkono chini ya meza akaubana. Wewe uliuliza suali moja tu: "Anaweza kufa?" Daktari akasema ndiyo, linaweza kutokea, si mara nyingi, lakini risk ipo, akalisema kwa Kiingereza. Ukasimama, ukaiweka sawa kofia yako, ukasema, "Marekebu ikizama, bima hulipa. Nani atanilipa Mundhir?" Tukarudi nyumbani. Jambo lile halikutajwa tena mpaka umekufa.

Na neno alilolitumia daktari lilikuwa lile lile neno lako. Umri wako wote wa kazi ulikaa katika ofisi mtaa wa Ruwi unafasiri mikataba ya bima za meli, kwa hiyo hakuna aliyesalimika nalo nyumbani kwetu. Ulilipata Ujerumani, ulikopelekwa kusoma kutoka Unguja ukiwa kijana. Wao husema Risiko. Wewe ukarudi nalo kama mtu aliyerudi na mgonjwa, unalihudumia. Tukikaa kula unatupangia ndugu zake: Waitaliano wanasema rischio, Wahispania riesgo, Wakatalani risc, Wagiriki wa Konstantinopoli walisema rizikon, na makarani wa Genova na Pisa, kwa kile Kilatini chao cha biashara, wakaandika resicum. Unagonga meza kwa kijiko. "Wote hawa ndugu," unasema, "na mama yao ni rizq. Riziki! Neno letu hili. Limekwenda Ulaya mifukoni mwa wafanyabiashara, limerudi kwetu limevaa suti." Na Mama anasema, "Kula, wali unapoa."

Iko Ijumaa moja ya ufukwe wa Qantab ambayo siwezi kuisahau. Mimi naogelea, Mundhir haruhusiwi kwa sababu maji ya baridi yakimpata mifupa humuuma mpaka akalia. Umekaa naye juu ya mkeka, umemvalisha sweta la sufu, na watu wanapita wanashangaa, sweta katika joto lile. Akakuuliza unatazama nini. Ukamwonyesha majabali pale mdomoni mwa ghuba. Ukasema wako wanazuoni wanaodai kwamba neno lile lilizaliwa mahala kama pale: kwamba ni la Kilatini, lina maana ya kukata, ndilo jabali lililojificha majini linalopasua matumbo ya marekebu. Mabaharia wakalitaja kwa khofu mpaka jina la jabali likawa jina la khatari yenyewe.

"Ni kweli?" Mundhir akauliza.

"Wameona jabali," ukamjibu, "hawakuona samaki."

Halafu ukatueleza lako. Askari wa Kiarabu walioingia Misri walipewa rizq yao, posho. Wenyeji waliosema Kigiriki wakalichukua neno. Kutoka kitu unachopewa likawa kitu kinachokujia bila wewe kujua kiasi chake. Kutoka hapo likawa majaaliwa, na wafanyabiashara wakalitumia kwa mzigo ulio baharini: kitakachokuja, kije, kizuri au kibaya. "Riziki huijui mpaka imefika," ulisema, ukamfuta Mundhir mchanga wa miguuni.

Nilikuamini. Mtoto humwamini baba yake, na mimi niliendelea kukuamini hata nilipokuwa mtu mzima.

Ulipotutoka, nyumba ilibaki na sauti ya kiyoyozi tu. Mama akakaa eda chumbani kwenu. Mundhir akawa ndiye mwanamume wa nyumba, akalichukua jambo hilo kwa mzaha na kwa dhati pamoja: anafunga milango, anauliza nani anapiga simu, anagombana na muuza gesi. Sisi tukacheka. Nilidhani Mungu ametuachia kicheko kile kituvushe.

Kisha ikaja siku ya Wadi Kabir.

Kiyoyozi cha gari yako kilikufa, tukaipeleka gereji ya mtaa huo. Mundhir amesimama na fundi, anamwigiza mjomba wetu anavyoongea Kiarabu, fundi anacheka. Ghafla maneno yakaanza kumtoka yamepinda. Nikadhani ni sehemu ya mzaha. Chupa ya maji ikamponyoka. Akanigeukia akasema, "Nasra, mkono umelala," na mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Sijui niliendeshaje. Madirisha wazi, hewa ya moto inaingia, na yeye pembeni yangu anajaribu kusoma Al-Fatiha na haitoki.

Kiharusi, Baba. Mtoto uliyemvalisha sweta.

Walimtoa damu yake wakamtia ya watu. Maneno yakarudi, mkono ukarudi ila vidole viwili. Daktari wake mpya, mwanamke mtaratibu asiyeinua sauti, alinivuta pembeni akaniambia kwamba safari hii kiharusi kimemrudishia kilichomchukulia, lakini cha pili huenda kisirudishe. Akataja uboho. Nikamwambia baba yetu alikataa. Akasema, "Ndugu yako sasa ni mtu mzima. Muulizeni yeye."

Tukamuuliza. Alikuwa amekaa kitandani anajifunza kufunga vifungo vya dishidasha, kanzu yake, kwa vile vidole vilivyobaki. Hakunitazama. Akasema, "Baba aliogopa kwa niaba yangu maisha yangu yote. Mungu amlipe. Sasa niacheni niogope mwenyewe."

Usikasirike naye. Hakusema kwa ukaidi. Mama alitoka nje, nikamkuta ameegemea ukuta, anasema peke yake, "Nimezaa mwanamume, ya Rabbi, nimezaa mwanamume."

Siku ya kutia saini daktari alieleza kila kitu kwa Kiarabu. Unamjua Mama, Kiarabu chake hakina kasoro, lakini siku ile kilimkimbia. Akanigeukia, "Nambie kwa Kiswahili. N'nataka kulisikia kwa lugha niliyozaliwa nayo." Nikamfasiria: watamtia dawa kali ziue uboho wake wote, kisha watampa wangu. Siku za katikati hatakuwa na kinga yoyote, homa ndogo inaweza kummaliza. Uboho wangu unaweza kukataa kushika. Unaweza kushika kisha ukaugeukia mwili wake na kuupiga vita. Na nilipofika kwenye neno lenyewe nikakwama. Nilitaka kusema khatari, ulimi ukakataa. Nikasema, "Mama, ni kama alivyosema Baba, ni kitu cha riziki..."

Akanikata. "Riziki?" Sauti yake sijapata kuisikia hivyo. "Kifo cha mwanangu hakiitwi riziki. Sema khatari kama ni khatari. Baba yako hayupo hapa."

Nikasema khatari. Mundhir akatia saini. Herufi zimekwenda upande, lakini ni jina lake.

Baada ya hapo nikashikwa na jambo ambalo watu wengine wangeliona wazimu. Nilitaka kujua kama ulikuwa na haki. Lilikuwa limenikaa kifuani, kwamba kama mama wa neno lile ni riziki kweli, basi chini ya jambo hili tunaloliingia kuna sakafu. Na kama ni jabali, basi ni jabali. Nikaenda kwa Ustadh Humaid, yule rafiki yako wa kubishana, aliyesomesha lugha. Amezeeka, anavaa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Alinipa kahawa na tende, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba yako alikuwa na hoja nzuri," akasema. "Ushahidi hakuwa nao."

Nikamuuliza kuhusu wale wa jabali.

"Na wao hawana. Mwanangu, neno hili tunaliona kwanza kwenye mikataba ya wafanyabiashara wa bahari, limeshakomaa, limeshavaa nguo zake. Kila lugha ililikuta limeshashuka bandarini. Hakuna aliyeliona likipanda. Wanazuoni wanagombana mpaka leo." Akageuza kikombe. "Mimi nilimwambia: rizq ni kipawa, vipi kipawa kiwe jina la hasara? Hapo ndipo alipokuwa akikwama, na hapo ndipo alipokuwa akinikasirikia."

Nilimshukuru, nikatoka. Garini nilipiga usukani kwa viganja mpaka vikaniuma. Nilikukasirikia wewe, Baba. Kwa nini hukumaliza? Kwa nini uliniachia neno lisilo na mzazi?

Waliponichukua uboho, walinilaza kwa nusu kaputi. Kabla ya usingizi kuingia niliogopa kitu kimoja tu, kwamba kilichomo mifupani mwangu ni kibovu na hakuna aliyekiona. Nilipoamka kiuno kinaniuma kama nimepigwa mchi. Mfuko ukapelekwa kwa Mundhir, mwekundu, wa kawaida kabisa, kama mfuko wowote wa damu aliowahi kutundikiwa. Mama aliutazama ukishuka tone kwa tone mpaka ukaisha. Alikuwa anasoma, midomo haisimami.

Halafu kungoja. Nywele zikamtoka, mdomo ukajaa vidonda, hawezi kumeza hata mate. Kila siku wanapima, kila siku chembe nyeupe za damu, zile za kinga, hakuna. Hakuna. Kesho yake hakuna. Daktari anasema tuvute subira, lakini nimeanza kuyajua macho yake.

Na jana ikaja homa.

Sasa nimefika kwenye ombi langu.

Tunazungumza naye kwa simu, yeye ndani, sisi nje ya kioo. Jana alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi, macho wazi, hatutazami. Nikamwita. Akasema kwa sauti nyembamba, polepole, kama mtu anayelalamika kitu kidogo tu, "Nasra, mwambie Baba atoke hapo mlangoni. Ananizibia upepo."

Nikatazama mlango. Hapana mtu.

Mama alikuwa amesikia. Simu ilikuwa kwenye spika. Unajua wazee wetu wanasema nini mgonjwa akianza kuwaona waliotangulia. Mama hakulia. Aliufunika uso kwa kanga, na chini ya kanga nikamsikia anazungumza na wewe. Sitakwambia alichosema, ni baina yenu. Mimi nilisimama pale nautazama mlango wa kioo, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, Baba, nilikuogopa wewe.

Ndiyo maana nakuandikia. Kama ulikuwa wewe, nakuomba, ondoka mlangoni. Najua unampenda. Najua hukutaka tufanye hivi. Najua huko hakuna siko seli wala sindano. Lakini usimwite. Umenifunza kusema na wakubwa kwa adabu, na leo nakwambia bila adabu: mwache. Mwache kwetu. Hajawahi hata kuogelea.

Daktari anakuja. Naacha hapa.

*

Baba,

Naendelea. Karatasi hii nilikuwa nimeitia ndani ya mkoba na nikaogopa kuifungua. Zimepita wiki nyingi.

Siku ile daktari alikuja kusema kwamba wamepata sababu ya homa na wamembadilishia dawa, na kwamba hawezi kuniahidi chochote. Tukakaa. Mama akakataa kwenda nyumbani, akala biskuti na maji. Homa ikapanda, ikashuka, ikapanda tena. Mundhir hakukutaja tena. Sikumuuliza, na mpaka leo sijamuuliza.

Kisha asubuhi moja daktari akatoka, amevuta barakoa chini ya kidevu, jambo ambalo hafanyi. Akasema, "Zimeanza." Sikumwelewa. Akasema chembe nyeupe zimeonekana, chache, lakini zipo, na ni zangu. Mama akauliza, "Chache kiasi gani?" Daktari akasema jana hazikuwapo kabisa, Mama. Mama akakaa chini, sakafuni, katikati ya njia ya kupita watu, mhudumu wa usafi akamzunguka na ndoo yake.

Usidhani khofu iliondoka. Baada ya hapo vipele vikamtoka mikononi na tumboni, vyekundu, vinawasha. Daktari akasema ni uboho wangu unaugomea mwili wake. Nilikaa nautazama mwili wa ndugu yangu unaungua na ninajua mchomaji ni mimi. Wakamtia dawa za kuutuliza. Kwa siku kadhaa nilikuwa siwezi kumtazama usoni. Yeye ndiye aliyeniandikia kwa simu, "Hata damu yako ina maneno mengi kama wewe." Nikacheka mpaka nikaumwa na kiuno.

Vipele vimepungua. Havijaisha. Yuko nyumbani sasa, katika chumba chenu, kwa sababu ndicho chenye jua la asubuhi. Mama amekipiga dawa kama chumba cha upasuaji. Hakuna wageni, hakuna maua, hakuna matunda yasiyomenywa. Shangazi alikuja na halua, Mama akaipokea mlangoni na kumrudisha na trei yake. Watapatana baadaye.

Juzi tulikwenda kupima. Muuguzi akaangalia kompyuta, akasema Mundhir abadilishe kitambulisho chake, kwani kundi lake la damu si O tena. Nikadhani wamekosea mgonjwa. Daktari akanieleza kuwa hivyo ndivyo: damu anayoitengeneza sasa inatoka kwenye uboho wangu, kwa hiyo kundi lake ni langu. A.

Nikamtazama Mama. Mama ni O. Mundhir alizaliwa O, alikuwa wake, na siku zote alimtania kwamba yeye ndiye mtoto wake na mimi ni wako. Mama alikuwa ameshafahamu kabla yangu. Machozi yalikuwa yanamshuka kimya kimya na anatabasamu.

"Baba yenu," akasema, "alikuwa A."

Mundhir akafunua mkono, akautazama pale penye mshipa, akautazama muda mrefu. Kisha akashusha mkono wa dishidasha taratibu, kama mtu anayemfunika aliyelala.

Basi, Baba, hayo ndiyo yaliyotokea. Sijui kama ulikuja mlangoni siku ile kumchukua au kumlinda, au kama ilikuwa homa tu. Nimejaribu kulijua hili nikashindwa, kama ulivyoshindwa wewe na neno lako, na nimekusamehe kwa hilo. Nisamehe na wewe kwa maneno yangu ya juu, nilikuwa nimejaa khofu.

Nakuahidi jambo moja. Vitabu vyako sitavigawa. Nimevianza, polepole, na Kijerumani changu kibovu. Mtu akiniuliza neno lile lilitoka wapi, nitasema kweli: halijulikani, wengine wanasema jabali. Na nitasema kwamba baba yangu alishika riziki mpaka pumzi ya mwisho, na kwamba hakuwa na ushahidi.

Lala salama, Baba. Mungu akupanulie kaburi lako na akulipe kwa kila ulichokiogopa kwa ajili yetu. Kesho asubuhi tunarudi hospitali, watapima tena kuona kama kweli uboho umeshika. Mama ameshapiga pasi dishidasha la Mundhir, na yeye amesema safari hii ataendesha gari mwenyewe. Naogopa kumpa ufunguo.

Nitampa.

Binti yako,
Nasra